Inveta na Chaja ya Betri Katika Vyombo Vidogo vya Majini
Mazungumzo na manahodha, wavuvi na wamiliki wa boti



Tumekuja kuzungumzia kifaa ambacho sasa kinaonekana katika boti za watalii, mashua za uvuvi na hata majahazi ya mizigo, nacho ni inveta, pamoja na mwenziwe chaja ya betri. Inveta huchukua umeme wa betri wa volti 12 au 24 na kuugeuza uwe umeme wa volti 230, kama ule wa nyumbani. Chaja hufanya kinyume chake: huchukua umeme wa bandarini au wa jenereta na kuurudisha ndani ya betri. Vipo vifaa vinavyofanya kazi zote mbili ndani ya kasha moja.

Kabla hatujasonga mbele, tuseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Taa za LED za volti 12, pampu ya kutolea maji ngamani, redio ya chombo na kuchaji simu havihitaji inveta hata kidogo. Mvuvi wa dagaa aliyeacha karabai na kununua taa za betri aziunge taa zake moja kwa moja kwenye betri kwa kupitia fyuzi. Kuupandisha umeme hadi volti 230 kisha kuushusha tena ndani ya kichwa cha taa ni kupoteza chaji njiani, mara mbili. Anayehitaji inveta ni yule mwenye friza, kompyuta, au zana za fundi zinazotumia umeme wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye hatari. Watu wengi huamini kwamba umeme wa betri ni mpole kwa kuwa haumpigi mtu. Ni kweli kwamba mwenye mikono mikavu akishika vichwa viwili vya betri ya volti 12 hahisi kitu. Lakini umpole huo ndio unaowafanya watu wafunge upande wa betri ovyo ovyo, na upande huo ndio unaoweza kukichoma chombo. Nchi kavu, nyumba ikishika moto, wenyewe hutoka nje wakasimama barabarani. Katikati ya mkondo wa bahari hakuna barabara.

Fikirini birika la umeme la wati 1,000. Nyumbani, kwa volti 230, birika hilo huvuta ampea 4 na kidogo. Liunge kwenye inveta inayotumia betri ya volti 12, na mambo hubadilika: gawanya 1,000 kwa 12, upate ampea 83, ongeza kile kinachopotea ndani ya inveta yenyewe, na mkondo kati ya betri na inveta hukaribia ampea 93. Kazi ni ileile, lakini waya unabeba zaidi ya mara ishirini. Fundi akitumia waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, na betri ikawa mita 3 kutoka ilipo inveta, mkondo huo ukipita humo zaidi ya wati 300 hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Gamba la plastiki huyeyuka, na chini yake kuna ubao uliokwisha kunywa mafuta kwa miaka.

Kwa inveta ya wati 1,000 na betri ya volti 12, waya wa shaba wa milimita za mraba 35 ndio unaofaa, na umbali uwe mfupi, mita moja na nusu hivi. Kitabu cha mtengenezaji kikisema waya mnene zaidi, kifuateni kitabu. Uwe waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, na ikiwezekana nyuzi zilizopakwa bati, kwa maana chumvi hula shaba tupu hadi ikawa kijani. Waya mgumu wa nyuzi chache, uliotengenezwa kulala tuli ndani ya ukuta, haustahimili mtikisiko wa injini. Hukatika unyuzi mmoja mmoja pasipo mtu kuona. Mwenye kuhitaji nguvu kubwa zaidi afikirie betri za jumla ya volti 24, kwani mkondo hupungua kwa nusu.

Kwenye waya wa chanya pawe na fyuzi, na iwe karibu kabisa na betri. Wajenzi wa boti nchini Marekani hufuata kwa kawaida kipimo cha inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, nasi tunakiona kipimo chema. Fyuzi hii kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukisuguana na taruma mpaka shaba ikagusa chuma, betri moja ya ampea-saa 100 yaweza kumwaga mkondo wa zaidi ya ampea 1,000 kwa mara moja. Bila fyuzi, hakuna kitu cha kuuzuia. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya, pembeni ya inveta, haisaidii ikiwa waya umechubuka katikati. Na ile desturi ya kufunga unyuzi wa shaba mahali pa fyuzi iliyoungua ni sawa na kutokuwa na fyuzi. Wekeni pia swichi kuu ya betri mahali ambapo mtu ataifikia bila kuingiza kichwa ndani ya moshi.

Mahali pa kuviweka vifaa hivi napo pana mashaka yake. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda juu, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa yatosha cheche moja. Mvuke wa petroli ni mzito, hushuka na kutuama ngamani. Kwa hiyo sanduku la betri liwe na tundu la hewa kwa juu, na inveta isikae chumba kimoja na tangi la petroli, kwa kuwa swichi na feni zake zaweza kutoa cheche. Isikae pia juu kabisa ya betri, maana mvuke wa asidi utaila. Betri ifungwe kwa mikanda, chombo kikilala ubavu isitoke mahali pake. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya asidi yaweza kuzalisha gesi ya klorini, nayo haifai kuvutwa na mtu hata kidogo.

Kuhusu chaja tutasema kwa ufupi. Zile chaja nzito za gereji, ambazo hazina akili ya kujipunguza, zimetengenezwa kwa mtu anayesimama karibu. Ukiiacha usiku kucha huyachemsha maji ya betri mpaka sahani zikabaki uchi. Chaja ya chombo iwe ya hatua: ipande hadi volti 14.4 hivi, kisha ishuke ikae kwenye volti 13.5 hivi betri ikijaa. Vipimo hivi ni vya nyuzi joto 25. Ndani ya shetri lenye joto la Machi vinatakiwa vishuke kidogo, na chaja nzuri huwa na kipima joto chake. Nguvu ya chaja iwe kati ya sehemu moja ya kumi na mbili za kumi za ukubwa wa betri, yaani ampea 10 hadi 20 kwa betri ya ampea-saa 100. Mwenye betri za lithiamu anunue chaja yenye mpangilio wa lithiamu. Ya asidi haifai kukisiwa. Nasi hatungependa tena kuulizwa kama chaja yaweza kuchomekwa kwenye soketi ya inveta inayolishwa na betri hiyohiyo. Ni kuchota maji ndooni na kuyamimina ndoo ileile huku mengine yakimwagika.

Je, betri ngapi? Chukueni friza ndogo ya wati 150 inayofanya kazi nusu ya muda. Kwa saa 10 za usiku itakula wati-saa 750. Ongezeni upotevu ndani ya inveta, pamoja na kile inachokula yenyewe hata pasipo kazi, mtakaribia wati-saa 1,000, ambazo kwa volti 12 ni ampea-saa 83. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Anayeizamisha kila usiku atanunua nyingine mapema. Basi zahitajika betri mbili za ampea-saa 100, na zote mbili zitafanya kazi kwa jasho. Betri ya kuwashia injini isiguswe. Aliye mbali na pwani na injini haiwaki hatafarijiwa na samaki walioganda.

Upande wa volti 230 una hatari yake, nayo ni ya kuua. Miguu mibichi, deki yenye chumvi na kasha la chuma ni mkutano mbaya. Wekeni swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa nyumba hawalijui: inveta nyingi za bei nafuu hutoa umeme ambao waya wake wowote haukuunganishwa na ardhi ya chombo, na katika hali hiyo swichi hiyo huenda isikate mtu anaposhika waya mmoja. Mwulizeni fundi swali hilo kabla hajaanza kazi, na akishangaa, tafuteni mwingine. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa ufungaji umeme Tanzania Bara, ombeni kuiona. Umeme wa bandarini na wa inveta kamwe visikutane kwenye soketi moja pasipo swichi ya kubadilishia. Na kwa wenzetu wa Ziwa Victoria na Tanganyika: umeme unaovuja ndani ya maji baridi ni hatari zaidi kwa muogeleaji kuliko ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo watoto wasiogelee pembeni ya boti iliyounganishwa na umeme wa nchi kavu.

Dukani, namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha mara nyingi ni nguvu ya kitambo kidogo tu. Ulizeni nguvu ya kudumu, na iandikwe kwenye risiti. Friza huhitaji mara kadhaa ya nguvu yake inapoanza, na mota yake hupata joto ikilishwa na inveta ya mawimbi ya ngazi. Nunueni ya wimbi laini, ingawa bei yake ni kubwa. Tazameni alama ya ubora ya TBS, na hati ya dhamana iwe na tarehe na muhuri wa duka.

Kifaa kikiungua ndani ya muda wa dhamana, zimeni swichi kuu, pigeni picha nyaya na fyuzi kama zilivyo, kisha kipelekeni dukani pamoja na risiti kabla fundi yeyote hajakifungua. Muuzaji akikataa kukipokea, mwombeni aandike sababu yake kwenye karatasi na kuweka sahihi, mje nayo kwetu pamoja na picha hizo. Malalamiko yenye karatasi hiyo ndiyo tunayoweza kuyashughulikia kwa haraka.