Wiki Nane za Likizo: Vijana Wetu Wafike Maabara

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya fedha, siku ya harambee ya mwaka

 

Mmezoea kuniona nikisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Leo Mwenyekiti amenipa dakika kumi nizungumzie jambo ambalo si madawati wala mabati. Pesa nitaomba mwishoni, hilo msiwe na shaka. Kwanza nikumbushe yaliyotupata.

Katikati ya mwaka 2016 watu wa kwetu walianza kuugua. Macho ya njano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika. Mwanzoni tuliambiwa ni ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo huharibu ini. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wapo humu ndani waliozika. Sumu ilikuwa kwenye mahindi yale yale tunayosagia ugali, na kuyapika hakuiondoi.

Mwaka ule mama yangu alinitumia gunia la mahindi kwa basi, kama afanyavyo kila mwaka. Nilisimama mbele ya lile gunia nikashindwa kuamua. Kulimwaga ni kumdharau mama. Kulisaga ni kuhatarisha watoto. Mimi mwenye shahada, ninayekagua mamilioni ya watu, sikujua nimuulize nani wa kwetu anayeweza kuniambia humu mna nini. Gunia likakaa stoo mpaka dumuzi wakalimaliza. Mama hajui mpaka leo. Naona sasa atajua.

Ndugu zangu, kupima sumukuvu si jambo la kutazama kwa macho. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo moja. Yaani gunia la kilo 100 lisizidi miligramu moja, uzito wa chembe chache za chumvi. Tena sumu haienei sawasawa. Unaweza kuchota konzi ikawa safi, na pembe ya pili ya gunia hilo hilo ikawa na punje chache zilizobeba sumu nyingi. Sisi wahasibu hili tunalielewa: mkaguzi anayechukua hati za juu ya faili peke yake hajakagua. Kwa hiyo mpimaji huchukua juu, katikati, chini na pembeni, akachanganya, akasaga, akagawa, ndipo akapima. Kitabuni ni ukurasa mmoja. Mkono unajifunza kwa wiki nyingi, chini ya mtu anayejua.

Na wiki hizo zipo. Wanafunzi wa sayansi katika vyuo vyetu, likizo ndefu ikifika, hutakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Kwa kawaida ni wiki kama nane. Anayesoma bioteknolojia pale SUA Morogoro au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuomba nafasi kwenye vituo vya utafiti, na baadhi viko hapa hapa kanda ya kati. Makutupora wanatafiti zabibu. Hombolo wanashughulika na mtama na uwele. Mpwapwa kuna kituo cha mifugo ambacho mizizi yake ni ya tangu enzi za Wajerumani. Ukienda mbali zaidi, Mikocheni wanapambana na virusi vya mihogo. Anayesoma uhandisi wa vifaa tiba yeye huenda hospitalini, akajifunza kufufua mashine ya oksijeni ambayo pengine ingelala kwenye kona na vumbi lake.

Wenzetu Marekani wameliona hili zamani. Tangu mwaka 1987 mfuko wao wa taifa wa sayansi unagharamia wanafunzi wa shahada ya kwanza wakae kwenye utafiti wakati wa likizo, na mwanafunzi hulipwa posho ya kujikimu. Huku kwetu Bodi ya Mikopo husaidia wale waliopangiwa fedha hizo. Aliyekosa, mzigo ni wa baba na mama, na msimu wa mvua chache baba na mama hawana kitu. Ndipo kijana anapochagua fildi kwa kuangalia wapi ana shangazi wa kumpa pa kulala. Maabara iko wapi, hilo linakuwa la mwisho.

Hapa lazima niseme kosa langu. Miaka michache iliyopita binti wa jirani yetu kijijini alinijia na barua. Alikuwa amekubaliwa kwenye maabara ya utafiti. Alichokosa ni pa kulala na chakula. Nikamwambia, "Mwanangu, leta mchanganuo." Akaleta, kaandika kwa mkono, kila kitu kwenye mstari wake. Ilikuwa Juni, tunafunga hesabu za mwaka. Nikauweka kwenye droo. Nilipoukumbuka ilikuwa Agosti, na yeye alikuwa ameshamalizia fildi yake kwenye ofisi moja karibu na kwa mama yake mdogo, akipiga fotokopi. Amehitimu vizuri. Leo ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, kazi ya halali, na heshima yake anayo. Lakini alisomea kupima na hajawahi kupima. Siwezi kuapa kwamba wiki nane zingebadilisha kila kitu. Ninachojua ni kwamba aliomba kwa mtu wa kwao, na mtu wa kwao alikuwa na shughuli.

Najua baadhi ya wazee mkisikia bioteknolojia mnakumbuka mahindi ya GMO yaliyopandwa kwa majaribio pale Makutupora mwaka 2016, na serikali ikayasimamisha mwaka 2018. Huo ni mjadala wa taifa, na leo si siku yake. Ila bioteknolojia ni pana. Kuna dawa ya kuzuia sumukuvu iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni mtama uliokwishaokwa usiote, ukapakwa kuvu wa jamii ile ile lakini wasiotoa sumu, waliopatikana hapa hapa Tanzania. Unaumwaga shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, wale wasio na sumu wanawahi nafasi ya wenye sumu. Ni sawa na kuwahi viti kwenye basi. Nani atamweleza bibi yangu hili kwa Kirangi? Mgeni hawezi. Mtoto wake anaweza, akiwa ameliona kwa macho yake.

Mtaniuliza, na madawati? Madawati yaendelee. Lakini mtoto tuliyemkalisha kwenye dawati darasa la kwanza, tumsindikize mpaka hatua hii ya mwisho.

Sasa hesabu. Wiki nane ni siku 56. Chumba na chakula nimekadiria shilingi 15,000 kwa siku, jumla 840,000. Daladala siku 40 za kazi kwa shilingi 3,000, jumla 120,000. Nauli ya kutoka na kurudi, koti la maabara na kuchapa ripoti, 90,000. Mchango wa vifaa vya kupimia, 150,000. Kijana mmoja ni shilingi 1,200,000. Vijana watano ni shilingi 6,000,000. Tukipatikana watu 240 wa kutoa shilingi 25,000 kila mmoja, tumemaliza.

Masharti ninayopendekeza ni matatu. Kwanza, fedha zikae kwenye akaunti ya peke yake, kila senti na risiti yake, na mimi nisiwe mtia saini. Pili, barua ya kukubaliwa maabara ifike kwa kamati kabla ya mwisho wa Mei, na jibu litoke ndani ya siku kumi na nne. Hilo nimeliweka kwa ajili yangu na droo yangu. Tatu, kijana akimaliza, asimame kwenye mkutano wa kijiji chake aeleze kwa lugha ya nyumbani alichojifunza: namna ya kukausha, namna ya kuhifadhi, mahali pa kupeleka sampuli.

Mama bado anatuma gunia kila mwaka. Natamani siku moja nimpigie simu kijana wa kwetu, aje na mfuko wake wa sampuli, anijibu.

Mimi naanza na kijana mmoja mzima, shilingi 1,200,000. Bahasha hii hapa, Mwenyekiti. Nimechelewa, lakini nimeleta.