Manowari Ndogo za Wafaransa
(Maneno ya hotuba kwa wakazi wa Busia na Malaba)

Malori yapitayo Busia na Malaba kwenda Uganda hubeba shehena iliyoteremshwa Mombasa, nayo haifiki ila njia ya bahari iwe salama. Zamani za Napoleon haikuwa salama. Kutoka kisiwa cha Morisi, Wafaransa walipeleka manowari ndogo za matanga, ziitwazo korveti, kuwinda meli za biashara za Waingereza. Mizinga yao ilikuwa michache. Nguvu yao ilikuwa mbio.

Lakini mbio hutaka nafasi. Mwezi wa Septemba 1801 korveti Flèche ilikuwa imetia nanga Mahé, katika visiwa vya Shelisheli. Manowari ndogo ya Kiingereza, Victor, ikaingia kwa mlango mwembamba, ikipigwa mizinga bila kuweza kujibu, hata ilipotia nanga na kugeuza ubavu. Wakapigana kwa muda mrefu. Flèche ikapanda mwamba, kisha ikazama. Mwaka 1810 Morisi nayo ikatekwa, na korveti zikakosa kituo.

Dereva angojaye forodhani Malaba alijua jambo hili kabla ya kuambiwa: wepesi wa chombo si kitu njia ikifungwa.