Mkungu Hukatwa kwa Chane



Kazini niliigiza kwa kompyuta mafuriko ya Mto Malagarasi, upande wa Kasulu na Kibondo. Faili la matokeo likawa kubwa mno, halikufunguka. Nikatumia amri ya split, ambayo usipoipa kipimo hukata kila mistari 1,000. Siku moja ya mvua ikakatwa katikati. Kimo kikubwa cha maji kikaangukia kipande cha pili, nami nikasoma cha kwanza tu. Nikaandika kwamba daraja litahimili. Mwenzangu aliligundua kosa kabla taarifa haijatoka.

Kwetu mkungu hukatwa kwa chane, si katikati ya ndizi. Vijana, kateni faili kwa siku. Kisha hesabuni mistari ya vipande vyote, ilingane na ya faili zima.