Hekalu la Mshairi na Jina la Manju



Niruhusuni nianzie mbali na Shinyanga. Katika mji wa Chaozhou, kusini mwa China, lipo hekalu la Han Yu, mwanachuoni na mshairi aliyezaliwa mwaka 768. Mwaka 819 alimwandikia mfalme waraka wa kupinga mfupa wa Buddha kupokelewa kwa taadhima, akapelekwa huko kama adhabu. Alikaa miezi michache tu. Hata hivyo alifufua shule, na aliwaandikia mamba wa mtoni tangazo la kuwafukuza (wavuvi wa Geita wangependa kulisikia). Leo mto na kilima vinaitwa kwa jina lake. Nilipolizuru hekalu hilo, nilivutiwa zaidi na mawe yaliyochongwa maandishi: hata waliomsifu Han Yu wameandikwa majina.

Usukumani, Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19, walishindana kwa dawa na kwa ngoma. Kila mmoja akaacha chama cha wachezaji, yaani Bagika na Bagalu. Katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, vyama hivyo vimehifadhiwa kumbukumbu. Waasisi, basi, wanakumbukwa. Je, manju waliotunga baada yao?

Hapa sina budi kujishitaki. Nikiwa mwanafunzi nilizunguka vijiji vya Shinyanga na Geita na kinasa sauti. Manju mmoja aliimba utungo wake, akalitia jina lake mwishoni, kama washairi wa pwani wafanyavyo katika beti za tamati. Nami nikaandika juu ya kanda: “Wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani.” Naye alikuwa ameketi mbele yangu! Nilikuwa nimefundishwa kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, nikaliona jina lile kuwa kasoro.

Kijiji kile baadaye kilihamishwa kupisha mgodi. Makaburi yalihamishwa pia, kwani ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Nyimbo hazikutungiwa sheria. Kanda ninayo. Jina la kwanza lasikika. La pili limefunikwa na ngoma. Wazee wawili niliowasikilizisha wamenipa majina mawili tofauti.

Nimekuja nayo leo. Kabla ya maswali tutaisikiliza, na mwenye sikio la Kisukuma humu ukumbini naomba anisaidie.