Kokeini: tunaijua kwa matusi, hatuijui kwa madhara

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa tawi letu la chuo. Mmeniomba kwa maandishi, nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

Najua wengi mlitegemea binti wa sheria aje na Katiba Mpya na Tume Huru. Hayo tunayo kila siku. Leo nimeomba tuongelee kokeini, kwa sababu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp neno "teja" linatembea kuliko neno "katiba". Mtu akitupinga hoja: teja huyo. Mbunge wa chama tawala akisinzia bungeni: mla unga. Tunacheka. Halafu ukiuliza kokeini inamfanya nini mtu, kimya.

Kokeini inatokana na majani ya koka, yanayolimwa Colombia, Peru na Bolivia. Inayotufikia ni unga mweupe, watu wanaunusa puani au wanajidunga. Kraki ni kokeini ileile, imepikwa ikawa vipande vigumu vya kuvuta kwa moshi. Wako wanaodhani ni dawa mbili, moja ya mabosi na nyingine ya watu wa kijiweni. Hapana, ni kitu kimoja, tofauti ni njia na kasi. Moshi ukiingia mapafuni, sekunde chache umefika kwenye ubongo, na raha yenyewe ni dakika tano mpaka kumi, basi. Ya kunusa inachelewa kidogo na inadumu pengine nusu saa. Sasa piga hesabu: kitu cha dakika kumi, kikiisha unashuka chini kuliko ulipoanzia, utakitafuta mara ngapi usiku mmoja? Ndo maana kraki inamkamata mtu haraka.

Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Ndiyo inayokupa raha ukila ukiwa na njaa, au ukiona jina lako kwenye orodha ya mkopo (mwaka wa kwanza mnanielewa). Ikishafanya kazi hurudishwa ilikotoka. Kokeini inaziba njia ya kurudi, inajazana. Ukizoea, ubongo unakuwa sugu: chakula hakina ladha, marafiki hawana ladha, kitabu ndo kabisa.

Ila mimi kinachonitisha zaidi ni moyo. Kokeini inabana mishipa ya damu, na wakati huohuo inaulazimisha moyo kwenda mbio. Yaani moyo unadai damu nyingi, mishipa inaupa kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta kwamba ndani ya saa moja baada ya kutumia, hatari ya mshtuko wa moyo inapanda takribani mara 24. Si lazima uwe mzee, wala uwe umetumia miaka. Kuna kiharusi pia, degedege, ukuta wa pua kutoboka, na ule wasiwasi wa kuona kila mtu anakufuatilia. Kwa mjamzito, kondo la nyuma linaweza kuachia kabla ya wakati.

Na pombe je? Watu wanaamini kimoja kinapoza kingine. Ukweli ni kwamba ini likipata vyote viwili linatengeneza kemikali ya tatu, kokaethilini, ambayo inakaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na inauumiza moyo zaidi.

Nina sababu ya kukaa hapa. Mwaka juzi tulimzika kijana mwenzetu, baadhi yenu mlibeba jeneza. Ndiye aliyekuwa anafunga spika kwenye mikutano yetu, hakuna waya ulimshinda. Ilikuwa bethdei ya mtu, mzinga wa pombe kali mezani, na huo unga. Alipoanza kushika kifua, waliokuwa naye walibishana karibu saa nzima kama wampeleke hospitali, kwa sababu waliogopa kuulizwa amekula nini na polisi kuitwa. Msibani tukaambiwa presha. Miaka 23, presha. Wazazi wake nawaelewa kabisa. Ile saa moja ndiyo inayoninyima usingizi.

Kwa hiyo lishikeni hili hata mkisahau mengine yote: mtu akishika kifua, mkimbize, na mwambie daktari ukweli wa alichotumia, pamoja na pombe. Kuna dawa za kushusha mapigo ya moyo ambazo madaktari wengi huziepuka kwa mgonjwa wa kokeini. Ukimficha, unamfunga mikono.

Sasa niingie nyumbani kwangu, sheria. Tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kusafirisha gramu 200 au zaidi za kokeini ni kifungo cha maisha. Gramu 200 hazifiki hata robo kilo ya sukari. Na neno "kusafirisha" kisheria halihitaji basi wala ndege: kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, vyote vimo. Ule mkoba wa mshkaji unaolala chini ya kitanda chako "mpaka Jumatatu" ni kesi yako.

Sisemi wauzaji waonewe huruma. Nasema sheria inayotungwa kwa hasira huwa inamkamata mtu mwingine. Marekani, Juni 1986, mchezaji wa kikapu Len Bias alikufa kwa kokeini siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics. Taifa likapandwa na jazba, na mwaka uleule Bunge lao likapitisha sheria: gramu 5 za kraki, miaka mitano jela lazima, za unga, mpaka zifike gramu 500. Moja kwa mia, kwa dawa ileile. Na Bias mwenyewe alikuwa ametumia ya unga! Waliojaa magerezani kwa kraki walikuwa Wamarekani weusi. Ilichukua mpaka 2010 kupunguza uwiano ule, na hata hapo haukuwa sawa kwa sawa, ukawa moja kwa 18.

Na kwetu? Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alisoma majina hadharani, likiwamo la Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Nilikuwa sekondari, lakini nakumbuka hasira ya watu wetu, na walikuwa sahihi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Sembuse ambaye hata hajashtakiwa. Sasa niambieni, sisi tunaomwita mtu teja kwenye grupu la watu mia mbili, bila ushahidi wowote, tunatofautiana nini na ile orodha?

Tangu 2011 Muhimbili inatoa methadoni, na huduma imeenea mikoa mingine. Ni jambo jema, sifa zake wapewe. Lakini methadoni ni kwa walioathirika na heroini. Kokeini haina dawa mbadala ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri nasaha, ni mtu kukaa na mtu wiki baada ya wiki, na watu hao wanahitaji mishahara. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti ndiyo kazi ya upinzani.

Naomba tawi lipeleke mkoani pendekezo kwamba chama kidai washauri wa uraibu kwenye hospitali za wilaya, na kiseme wazi kuwa anayemkimbiza mwenzake hospitali asikamatwe kwa kumleta. La pili liko mikononi mwetu, halisubiri mkoa: maadmini wafute neno "teja" kwenye kurasa zetu kuanzia usiku huu, hata akiandika mwenyekiti.

Nimemaliza. Kamanda wa kule nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja pombe, karibu, una swali.