Binti Potwe wa Kirongwe

Leo sina kitabu kilichopigwa chapa wala filamu yenye bango. Nina daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huandikia madeni, na limetoka Kirongwe, kisiwani Mafia, kwenye barabara ya kutoka Kilindoni kwenda Bweni. Mwenye daftari ni binti aliyemaliza kidato cha nne. Jina lake la kuzaliwa tumeliacha nyumbani kwao, kwa kuwa michoro yake yote ameitia saini kwa jina la mhusika wake: Binti Potwe.

Ukifunua mwanzo, yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video atamtambua anayechorwa. Nywele zimesimama kama miba, kipajini kuna kitambaa chenye alama ya jani, kila shavu lina mistari mitatu. Ni Naruto, kijana ninja wa Mjapani Masashi Kishimoto, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1999. Mkono umetulia, lakini bado unanakili. Mbele kidogo Naruto kafungwa kanga. Mbele tena nywele zimelala, zimesukwa twende kilioni, na yule kijana amekuwa msichana. Halafu unafika pale ambapo ile mistari mitatu ya shavuni imeteremka shingoni, na sasa ni mitano.

Hapo nilisogeza taa karibu. Mitano, kwa sababu papa potwe ana mianya mitano ya matamvua kila upande. Mchoraji hakuifuta alama ya Naruto. Ameishusha mahali pake, akaipa kazi ya kuvuta pumzi. Kwenye mwili wa Naruto mistari ile inatukumbusha mbweha aliyefungiwa ndani yake. Kwenye mwili wa binti huyu inatuambia anatoka wapi.

Na madoa! Wasikilizaji wa Kilindoni hawahitaji kuelezwa, lakini walio mbali wafahamu kwamba potwe huonekana sana pale kati ya Oktoba na Machi, wakifuata uduvi na vidagaa karibu na nchi kavu. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na ngozi yake ina madoa meupe ambayo hayafanani na ya potwe mwingine. Watafiti humpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, wakamjua huyu ni nani na mwaka jana alionekana wapi. Sasa, nimelinganisha kurasa za daftari hili, zilizochorwa siku tofauti na kwa kalamu tofauti. Madoa ya bega la kushoto la Binti Potwe ni yale yale, kwa mpangilio ule ule, hata anapoinua mkono na ngozi kuvutika. Kubuni mhusika ndiko huko. Ukishampa mwili, huna ruhusa ya kuusahau.

Wapo watakaosema kuwa huyu ameiba. Wengine watasema ni mambo ya kitoto, binti mzima anajiita samaki. Hoja ya kwanza naijibu kwa kirefu, kwa sababu inawavunja moyo vijana wengi wenye vipaji, kisiwani na kwingineko.

Turudi Unguja, miaka ya hamsini. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi na mhariri wa magazeti, alikuwa msomaji aliyezama katika hadithi za Sherlock Holmes. Naye akambuni mpelelezi wake. Mwenye kiko mdomoni, kama Holmes. Mwenye rafiki wa kufuatana naye, kama Holmes na Daktari Watson. Rafiki huyo akaitwa Najum, na mpelelezi akaitwa Bwana Msa. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kiko kile ni cha kuazima, na kila mtu alijua. Lakini maiti imekutwa mzimuni, watu wanaogopa kusema, na Bwana Msa analazimika kuwatenga wauaji na mashetani mbele ya majirani ambao kesho atasalimiana nao. Mpeleke Holmes kwenye kesi ile, ajaribu: atasoma nyayo na majivu ya tumbaku, lakini hatajua ni nani wa kupigiwa hodi kwanza. Ndipo ninaposema Bwana Msa ni wa Muhammed Said Abdulla. Dunia aliyotoka yule wa zamani haimtoshi tena.

Wala Holmes mwenyewe hakuanguka kutoka mbinguni. Arthur Conan Doyle alimleta mwaka 1887, na kabla yake alikuwepo mpelelezi Dupin wa Mmarekani Edgar Allan Poe, mwaka 1841, naye akiwa na rafiki wa kumshangaa. Kishimoto naye alikua akinakili michoro ya Akira Toriyama, mwenye Dragon Ball. Na Goku wa Toriyama ana asili yake kwa Sun Wukong, mfalme wa nyani katika hadithi kongwe ya Wachina. Kwa hiyo binti wa Kirongwe anapomvisha Naruto kanga, anaingia kwenye foleni ndefu ya watu waliopenda kitu mpaka wakashindwa kukiacha kama kilivyo.

Kwetu bara foleni hiyo ina wengine. Elvis Musiba alimpa Tanzania jasusi wake, Willy Gamba, miaka ya sabini, wakati vijana wakimshangilia James Bond. Na Gamba akapewa maadui wa Afrika, makaburu na vibaraka wao. Kwenye jarida la katuni la Sani, Philip Ndunguru alituachia kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Alipofariki mwaka 1986, kalamu zilishikwa na wachoraji wengine, na wasomaji wakaendelea kununua. Kuna siku nitawafanyia kipindi chao peke yao, wanastahili.

Nirudi kwenye daftari, kwa sababu sijaja kusifu tu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni udhaifu wa Binti Potwe. Vijana wengi wakibuni mhusika huanza kumjaza nguvu: anapaa, anatema moto, risasi haimwingii. Ukimaliza kuorodhesha nguvu, huna hadithi, maana hakuna kinachomsumbua. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo kiasi kwamba mwaka 1984 alikiita kitabu kizima Kosa la Bwana Msa. Binti Potwe hana meno ya kung'ata mtu. Mwendo wake ni wa taratibu. Na ili ale, ni lazima apande juu kwenye maji, pale pale zinapopita boti na nyavu za dagaa. Njaa yake ndiyo hatari yake. Kuna mchoro mmoja yupo chini ya uso wa maji, mdomo wazi, na juu yake kivuli cha mashua kinakuja. Hakuna maneno. Hayahitajiki.

Amemfanya mwanamke pia, na hilo si la bahati nasibu. Potwe wanaokuja Mafia wengi wao ni madume ambao hawajakomaa. Binti huyu analijua hilo, na mhusika wake anaogelea, wa kike peke yake, katikati ya kundi la kaka zake. Hajalifanyia kazi bado. Namwomba alifanyie kazi, mna hadithi tele ndani yake.

Ninachokilalamikia ni kitambaa cha kipajini. Jani lile lina kijiji chake, na kijiji hicho kipo kwenye kitabu cha Kishimoto. Mchoraji ameling'ang'ania karibu mpaka mwisho. Kisha akalitoa, akaweka kuti la mnazi. Hapo sikubaliani naye. Mafia ni minazi, sawa, lakini kuti limekaa pale kama nembo ya wilaya. Matamvua yalizaliwa na mwili wa mhusika, lakini kuti limebandikwa. Paji la uso likiwa tupu litatosha.

Nilipomfikia nyumbani kwao alinipa shikamoo, akanitolea mkeka, tukazungumza kwa muda mrefu juu ya adui wa hadithi. Maana adui yupo. Ni mvuvi mpiga baruti. Anasimama kwenye ngalawa, chupa mkononi, na kwenye michoro yote uso wake haujachorwa. Ni duara jeupe. Nilidhani ni mtindo.

"Nikimchora, mwalimu, watu watasema ni fulani," akaniambia. "Hata kama sikumkusudia."

Hili ni tatizo la kweli la msanii anayeishi pale anapopachora. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, sheria ipo, lakini kwenye kijiji kila uso una mwenyewe, na mwenyewe ana mama, ana watoto, mnakutana dukani. Nikamweleza habari za Ali Masoud, mchora katuni ambaye miaka mingi amesema mambo mazito kupitia panya mdogo, mpaka taifa zima likamwita yeye mwenyewe Masoud Kipanya. Panya anaingia ofisi ambazo mtu angezuiwa mlangoni. Nafsi ya pili ina faida hiyo: inakupa kinywa ambacho jirani hawezi kukushtakia kwa wazee. Yeye tayari anayo moja, hiyo ya Binti Potwe. Nikamshauri adui naye ampe mwili wa mnyama.

Akafikiri, akasema atamfanya chewa.

Nikampinga. Chewa anakaa kwenye mwamba, baruti ikilipuka yeye ni wa kwanza kufa. Vipi umtwishe aliyeonewa dhambi za mwonevu? Chagua mnyama wa mbali, nikamwambia, kunguru au mbwa mwitu.

"Chewa anakaa kwenye mwamba huo huo, ndiyo," akajibu, na penseli tayari ilikuwa mkononi. "Na mpiga baruti, mwalimu, yeye anakaa wapi?"