Tamari Aliambiwa Anyamaze

Fungueni pamoja nasi kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13. Sisi wachungaji huihubiri kwa nadra, kwa kuona haya.

Tamari alitumwa na baba yake mwenyewe akampikie Amnoni nduguye. Hakwenda kuzurura, alikwenda kutii. Ndivyo alivyo binti aitwaye ofisini na mwalimu wake wa chuo kikuu. Mwalimu ndiye atungaye mtihani, ndiye ausahihishaye, ndiye awezaye kusema alama zimepotea. Binti akikataa, huenda asilione jina lake katika orodha ya wahitimu. Basi tusimwulize alifuata nini huko.

Baada ya ubaya ule Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Mfalme Daudi naye alikasirika mno, lakini hakumfanyia Amnoni neno lolote.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa ushirika wetu alitujia na habari kama hiyo. Tulimshauri aombe, avae kwa heshima, avumilie hata amalize. Tulidhani ni hekima. Aliacha masomo katika mwaka wa tatu, na mwalimu yule akaendelea kufundisha.

Mwaka 2019 BBC ilionyesha walimu wa Chuo Kikuu cha Lagos na cha Ghana, walionaswa kwa kamera za siri wakiwataka wasichana. Mmoja wao alikuwa pia mchungaji wa kanisa. Neno hilo lilituchoma.

Hapa Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 yasema kwamba mwenye mamlaka azidiye kumtaka mtu hali akijua hatakiwi, aweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au yote mawili. Basi wazazi, binti akisema, mwaminini. Ujumbe wa simu usifutwe, tarehe ziandikwe. Fuataneni naye kwa wakubwa wa chuo, na wakilala, nendeni polisi. Nanyi walimu Wakristo, milango ya ofisi zenu iwe wazi, na karatasi za mtihani zipitiwe na mwalimu wa pili.

Mwaka jana tulikwenda kumwomba binti yule radhi. Alitupikia chai, akatusikiliza, asijibu neno.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walioambiwa wanyamaze. Utusamehe sisi tuliowaambia. Amina.